Dawa za RNA zikitazamwa kutoka Goma

Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma na umeme ukakatika, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa tahadhari ambayo wenyeji wengi hawakupata nafasi ya kuitafakari, kwa kuwa walikuwa wakizika watu wao na kutafuta maji. Tahadhari hiyo ilihusu maabara ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba na Biolojia, INRB, iliyoko mjini humu: ukosefu wa umeme ulihatarisha sampuli zilizohifadhiwa humo, zikiwemo za virusi vya Ebola. Hofu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini maabara hiyo ina umuhimu mwingine ambao haujadiliwi sana. Ni miongoni mwa mahali pachache mashariki mwa Kongo ambapo virusi vinavyomtesa mgonjwa vinaweza kusomwa herufi kwa herufi na kugeuzwa kuwa maandishi yanayotumwa popote duniani kwa dakika chache. Na katika tiba inayojengwa juu ya RNA, maandishi hayo ndiyo malighafi.

Hoja yangu ni kwamba Kivu imeshiriki sana katika kutafuta dawa mpya, kwa damu ya wagonjwa wake na kwa maandishi ya virusi vyake, lakini haijashirikishwa katika kuamua dawa ipi itafutwe, ya ugonjwa gani, na iweje ili iweze kutumika katika maisha ya watu wa huku. Kwa dawa za zamani kasoro hiyo ilivumilika, maana nyingi zilipatikana kwa bahati na kila mtu akazitumia alivyoweza. Dawa ya RNA haipatikani kwa bahati. Mtengenezaji huchagua shabaha kwanza, kisha huiandika dawa kulingana na shabaha hiyo, na asiyekuwapo wakati wa kuchagua huletewa kilichochaguliwa na wengine.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe, kwa sababu mjini humu RNA ikitajwa watu hukumbuka chanjo ya korona tu. Kila seli ya mwili huhifadhi maagizo yake katika DNA, ndani ya kiini. Seli ikihitaji protini fulani, hunakili sehemu inayohusika katika RNA; nakala hiyo hutoka nje ya kiini, husomwa na ribosomu, yaani mashine ndogo ya seli ya kutengenezea protini, protini hutengenezwa, kisha nakala huvunjwa. Tiba ya RNA huingilia safari hiyo kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni kuleta nakala kutoka nje ili mwili utengeneze protini ambayo haukuwa nayo, kama zilivyofanya chanjo ya Pfizer na BioNTech na ile ya Moderna. Ya pili ni kinyume chake: huletwa kipande kifupi cha RNA, au cha kemikali inayofanana nayo, kikainasa nakala ya seli yenyewe isisomwe, ili protini yenye madhara isitengenezwe. Ya tatu ni kuitumia RNA kubeba na kuongoza kifaa cha kuhariri mpaka mahali penye kosa kwenye DNA. Watu huzizungumzia njia hizi tatu kana kwamba ni dawa moja, na mkanganyiko huo una gharama yake, kama tutakavyoona.

Hakuna hata moja iliyozuka ghafla mwaka 2020. RNA ya ujumbe ilitambuliwa mwaka 1961. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha jinsi RNA ya nyuzi mbili inavyonyamazisha jeni, wakapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2006. Katalin Karikó na Drew Weissman walichapisha mwaka 2005 ugunduzi kwamba kubadilisha kidogo kemikali ya herufi za RNA huufanya mwili usiishambulie kama adui. Nobeli yao ilikuja mwaka 2023, baada ya mamilioni ya watu kuchanjwa. Tatizo jingine lilikuwa usafiri. RNA ikiingizwa mwilini bila kinga huharibiwa mara moja, hivyo ikalazimu ifunikwe kwa chembechembe ndogo sana za mafuta, na chembechembe hizo zikidungwa kwenye mshipa, nyingi huishia kwenye ini. Ndiyo maana dawa nyingi za mwanzo za RNA ni za magonjwa yanayoanzia kwenye ini. Ini halikuchaguliwa kwa kuwa ndilo linaloua watu wengi zaidi. Lilichaguliwa kwa kuwa ndiko watafiti walikojua kufika.

Njia ya pili, ya kunyamazisha, ndiyo ambayo ningependa wasomaji wa Kivu waikazie macho, ingawa haisemwi sana. Mwaka 2018 Marekani na Ulaya ziliidhinisha patisiran, dawa ya kwanza ya RNA fupi ya kunyamazisha, kwa ajili ya ugonjwa adimu wa kurithi unaoharibu neva. Baadaye ikaja inclisiran, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020 na Marekani mwaka 2021, inayoshusha lehemu mbaya kwa kunyamazisha jeni moja kwenye ini. Mgonjwa hudungwa sindano ya kwanza, ya pili baada ya miezi mitatu, kisha moja kila miezi sita, na dawa yenyewe haihitaji kuwekwa kwenye frigo. Ndugu yake, zilebesiran, imejaribiwa kwa shinikizo la damu: katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023, dozi moja ilishusha shinikizo na athari yake ikaendelea kuonekana kwa muda wa wiki 24.

Sasa pita kwenye maduka ya dawa ya Birere, mtaa wa hapa Goma, jioni, uone jinsi dawa za tansio, yaani shinikizo la damu, zinavyouzwa. Muuzaji huchukua plaketi ya amlodipini, akaikata kwa mkasi na kumpa mama vidonge vitatu, kwa sababu fedha aliyo nayo inatosha vidonge vitatu. Siku ya nne ni ya Mungu. Mama huyo atarudi wiki ijayo au hatarudi, kutegemea kama makaa yake yatakuwa yameuzwa. Mfikirie pia mgonjwa wa tansio aliyekimbia Sake akaishi kambi ya wakimbizi ya Bulengo, kisha kambi zilipovunjwa Februari 2025 akalazimika kuhama tena: pamoja na makazi, alipoteza kituo cha afya kilichomjua na kadi iliyoandikwa dozi yake. Kwa watu kama hao, sindano ya miezi sita isiyohitaji baridi ingekuwa na thamani kubwa kuliko kwa mstaafu wa Ulaya anayesahau kidonge chake juu ya meza. Ajabu ni kwamba dawa imeandaliwa kwa ajili ya mstaafu yule.

Na hapo ndipo penye ugumu ambao hauwezi kumalizwa kwa misaada ya bure. Kidonge cha tansio kikizua matatizo leo, unaacha kukimeza na baada ya siku chache kimetoka mwilini. Dawa iliyonyamazisha jeni kwa miezi sita hairudishwi nyuma kirahisi. Zilebesiran huzuia ini kutengeneza angiotensinojeni, protini ambayo mwili huitegemea kupandisha shinikizo pale linaposhuka kupita kiasi. Huku kwetu kipindupindu hakiondoki. Kinatulia msimu mmoja, kinarudi mwingine, hasa kwenye vitongoji vinavyochota maji ya Ziwa Kivu. Mtu aliyedungwa dawa hiyo mwezi Machi, akapatwa na kipindupindu mwezi Mei na kupoteza lita kadhaa za maji kwa siku moja, mwili wake utaweza kupandisha shinikizo kwa kiasi gani? Na mwanamke aliyedungwa kabla ya kujua kwamba ana mimba? Dawa za kawaida zinazogusa mfumo huohuo wa angiotensini hukatazwa wakati wa ujauzito kwa sababu zinamdhuru mtoto tumboni. Watafiti wanaijua hatari ya athari isiyoweza kukatizwa haraka na wanatafuta namna ya kuipinga. Lakini kipindupindu hakimo katika maisha ya wagonjwa wanaojitolea kwa majaribio London au Boston. Majibu yanayomhusu mama wa Birere hayatapatikana huko, hata jaribio liwe la uangalifu kiasi gani.

Kwa hiyo ninaposema Kivu ishirikishwe katika kuchagua, sizungumzii heshima tu. Maswali ya kitabibu yanayotokana na mahali tunapoishi yasipoulizwa wakati dawa inaandaliwa, yataulizwa baadaye katika wodi ya dharura, na atakayeyajibu ni muuguzi wa zamu usiku.

Mfano mwingine ni homa ya ini ya aina B, ambayo ni ya kawaida Kongo na mara nyingi hugunduliwa ini likiwa limeshaharibika. Hapa udhaifu wa RNA wa kukimbilia kwenye ini unageuka kuwa faida. Bepirovirsen, kipande kinachoinasa RNA ya virusi hivyo, ilitoa matokeo mwaka 2022: karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi miongoni mwa waliopata kozi ndefu zaidi alibaki bila alama ya virusi katika damu miezi sita baada ya kumaliza matibabu. Mmoja kati ya kumi anaweza kuonekana mchache. Anayejua kwamba dawa tulizo nazo huvizuia virusi pasipo kuviondoa, na kwamba wengi huambiwa wazimeze miaka na miaka, ataona kwamba mmoja kati ya kumi ni mwanzo mzuri.

Nisieleweke vibaya: RNA si muujiza, na mashariki mwa Kongo tunao ushahidi wa karibu. Wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, dawa ya RNA ya kunyamazisha virusi, iliyokuwa imewaponya nyani katika maabara, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Sierra Leone. Jaribio likasimamishwa mwaka 2015 ilipodhihirika kwamba haitaonyesha faida iliyotarajiwa. Miaka minne baadaye, kilichofanikiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina kilikuwa kingamwili, yaani protini za kinga zinazovinasa virusi, teknolojia tofauti kabisa. Katika jaribio lililoitwa PALM, lililowahusu wagonjwa 681, waliopewa kingamwili mAb114 walifariki asilimia 35 na waliopewa REGN-EB3 asilimia 33.5, wakati kundi la remdesivir, dawa ya kuzuia virusi, lilipoteza asilimia 53. Remdesivir hiyohiyo, iliyoshindwa Kivu Kaskazini, mwaka uliofuata ikawa dawa mashuhuri ya korona. Historia ya dawa ina mizaha yake.

Jaribio la PALM linastahili kukumbukwa kwa sababu nyingine pia. Kingamwili mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, katika utafiti ambao Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi wa Kongo, alikuwa nguzo yake. Wagonjwa walikuwa Wakongo, na wauguzi waliofanya kazi ndani ya mavazi ya plastiki, kukiwa na milio ya risasi na vituo vikishambuliwa, wengi wao walikuwa Wakongo. Kisha leseni ya dawa ikaenda kwa kampuni ya Marekani, dawa zote mbili zikaidhinishwa huko mwishoni mwa 2020, na miaka iliyofuata shirika la Madaktari Wasio na Mipaka likalalamika hadharani kwamba karibu akiba yote ilikuwa katika maghala ya usalama ya Marekani wakati wagonjwa wa Afrika wakikosa dozi. Hakuna sheria iliyovunjwa. Masharti ya upatikanaji hayakuwekwa mapema kwa nguvu iliyotosha, basi, na baada ya jaribio kufanikiwa hakukuwa tena na sababu ya mtu yeyote kuyakubali.

Dawa za RNA zinaifanya hali hiyo kuwa ngumu zaidi. Zamani, anayetaka kutengeneza dawa kutokana na ugonjwa wa Kongo alihitaji chupa ya damu. Chupa ina uzito, inahitaji kibali na barafu, na ofisa anaweza kuizuia uwanja wa ndege. Mtengenezaji wa chanjo ya RNA anahitaji mfuatano wa vinasaba tu, yaani yale maandishi ya virusi. Mwezi Januari 2020 wanasayansi wa China walipouweka wazi mfuatano wa virusi vya korona, Moderna haikusubiri sampuli. Tarehe 16 Machi mtu wa kwanza wa kujitolea alikuwa ameshadungwa chanjo yake. Linganisha na yaliyotupata sisi. Septemba 2023 mpox ya aina mpya, Ib, ilianza kuenea Kamituga, mji wa wachimba dhahabu wa Kivu Kusini. Wanasayansi wa Kongo na wenzao waliisoma na kuitangaza. Tarehe 13 na 14 Agosti 2024 mamlaka ya afya ya Umoja wa Afrika, kisha Shirika la Afya Duniani, zikatangaza dharura. Chanjo ya kwanza ikatolewa Goma tarehe 5 Oktoba 2024, nayo haikuwa ya RNA; ilikuwa chanjo iliyokuwepo miaka mingi na iliyokwisha kutumika Ulaya na Marekani mwaka 2022. Wakati huohuo chanjo za RNA dhidi ya mpox zilikuwa katika majaribio, na kwa nyani ile ya Moderna ilipunguza vidonda kuliko ile ya zamani. Kasi ya teknolojia hii ni ya kweli, lakini huanza kuhesabiwa pale mwenye fedha anapoamua kwamba ugonjwa unamhusu.

Wapo wanaosema suluhisho ni kuuficha mfuatano mpaka bei ikubaliwe. Siafiki. Novemba 2021 Afrika Kusini ilitangaza korona ya Omicron kwa uwazi, ikalipwa kwa kufungiwa safari za ndege. Ilikuwa dhuluma, lakini uwazi huo uliokoa watu mahali pengi. Anayeficha virusi huwaumiza kwanza majirani zake. Jambo la busara ni kuwa na mkataba uliosainiwa kabla ya mlipuko, unaosema kwamba atakayetengeneza bidhaa kutokana na mfuatano huo ataleta sehemu yake kwa bei maalumu, kwa wakati maalumu. Mkataba wa Dunia kuhusu majanga ya maradhi ulipitishwa Geneva tarehe 20 Mei 2025, lakini kiambatisho kinachohusu jambo hili hasa, yaani vimelea na mgawanyo wa faida, kiliachwa kijadiliwe baadaye. Waliokuwa na haraka walipata haraka yao.

Na Goma tunalo swali letu la ziada. Tangu mwisho wa Januari 2025 mji umekuwa mikononi mwa waasi wa M23, ilhali wizara na kamati ya taifa ya maadili ya utafiti ziko Kinshasa. Mtafiti akitaka kufanya jaribio hapa, nani anasaini kwa niaba ya wagonjwa? Wale wenye bunduki hawana uhalali huo, na wale wenye uhalali hawafiki. Nadhani kwa sasa jibu la heshima ni kwamba jaribio la dawa yenye athari ya miezi sita au ya kudumu lisianzishwe mahali ambapo hakuna hakika kwamba mgonjwa ataonekana tena mwezi wa sita. Najua maana yake ni kucheleweshwa. Lakini kumdunga mtu dawa isiyotoka, kisha kumpoteza barabarani, ni jambo baya zaidi.

Kuhusu viwanda nitasema kwa kifupi, maana yamesemwa mengi. Kilicho karibu nasi kuliko vyote kiko Kigali. BioNTech ilikizindua Desemba 2023 kikiwa kimeundwa kwa makontena yaliyoletwa kutoka Ulaya. Kutoka kwenye mpaka wa Goma ni mwendo wa saa chache kwa gari, ingawa siasa kati ya Kinshasa na Kigali zimeufanya uwe mbali kuliko Ubelgiji. Moderna ilitangaza kiwanda chake Kenya mwaka 2022, ikakiweka kando Aprili 2024 kwa kuwa soko la chanjo ya korona lilikuwa limekauka. Mfano unaonivutia zaidi ni wa Afrigen, Cape Town, ambako chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani uliotangazwa Juni 2021, wataalamu walijifunza kutengeneza chanjo ya RNA wenyewe na kuwafundisha wa nchi nyingine. Anayejua kuandika anaweza kubadili shabaha. Anayemiliki mashine tu husubiri aletewe maandishi. Umuhimu wa tofauti hiyo ulionekana Agosti 2025, Wizara ya Afya ya Marekani ilipofuta miradi 22 ya chanjo za RNA yenye thamani ya karibu dola milioni 500. Uamuzi wa ofisi moja Washington ulitosha kuipunguzia dunia nzima utafiti.

Kuhusu baridi, nayo imekuzwa kupita kiasi. Tuliambiwa mwaka 2020 kwamba Afrika isingeweza kuhifadhi chanjo ya nyuzi sabini chini ya sifuri. Wakati huo Kivu Kaskazini na Ituri walikuwa wametoka tu kuchanja watu zaidi ya 300,000 dhidi ya Ebola, katika mlipuko uliokuwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, kwa chanjo inayohifadhiwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Iliwezekana kwa sababu fedha zilikuwepo. Dharura ilipoisha, fedha zikaondoka, na shida ya umeme katika vituo vyetu ikabaki palepale. Hoja ya baridi ni hoja ya bajeti.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni imani ya watu. Aprili 2020, baada ya watafiti wawili wa Kifaransa kuzungumza kwenye televisheni juu ya kufanya majaribio Afrika, Profesa Muyembe naye alitangaza kwamba Kongo ilikuwa tayari kushiriki majaribio ya chanjo. Hasira ilikuwa kubwa kiasi cha kumlazimu afafanue kwamba hayataanza kwetu kabla ya kufanywa kwingine. Mwaka uliofuata nchi ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca, ambayo si chanjo ya RNA, na takriban milioni 1.3 zikarudishwa ili zitumike nchi nyingine kabla muda wake haujaisha. Kuita yote hayo ujinga ni uvivu wa kufikiri. Watu ambao wamezoea kuona misafara ya misaada ikija wakati wa Ebola na kutoweka wakati wa malaria wana haki ya kuuliza kwa nini safari hii kuna haraka.

Na katika kuwajibu tumeweka mtego wetu wenyewe. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wale tunaowaita reko, walifundishwa jibu moja fupi: RNA haigusi DNA. Kwa chanjo ni kweli. Nakala ile haiingii kwenye kiini, na huvunjwa ndani ya muda mfupi. Zipo hatari zinazojulikana, kama kuvimba kwa misuli ya moyo kwa vijana wachache wa kiume, lakini kubadili DNA si mojawapo. Tatizo ni kwamba njia ya tatu niliyoitaja kazi yake hasa ni kubadili DNA. Mei 2025 madaktari wa Philadelphia walitangaza kwamba mtoto mchanga mwenye ugonjwa adimu wa ini alikuwa ametibiwa kwa RNA iliyofungwa katika chembechembe za mafuta, ikibeba maagizo ya kifaa kilichosahihisha herufi moja ya DNA yake. Ni kazi ya kustaajabisha. Siku tiba ya namna hiyo itakapoletwa huku, reko yuleyule atasimama katika mitaa ya Ndosho au Kyeshero mbele ya kina mama walewale na kuwaambia kwamba RNA hii, tofauti na ile, inagusa DNA, na kwamba ni jambo jema. Nani atamwamini? Afadhali tuanze sasa kueleza kwamba RNA ni jina la jamii nzima ya dawa, kila moja na kazi yake na hatari yake, hata kama maelezo hayo ni marefu kuliko kaulimbiu.

Hili si jambo la kufikirika, kwa sababu ugonjwa unaoweza kuileta njia ya tatu Kongo unajulikana. Kongo, pamoja na Nigeria na India, ndizo nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu, hao tunaowaita watoto wa SS. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba inayotumia RNA kuongoza mkasi wa kijenetiki katika seli za uboho. Bei yake iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na kabla ya kuipata mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uboho wake katika hospitali ambayo mfano wake haupo Kivu. Tiba hiyo haitatufikia. Inayoweza kutufikia ni ile inayotafutwa sasa, ya kuhariri seli hizo ndani ya mwili kwa sindano. Mwaka 2021 taasisi ya Bill na Melinda Gates na kampuni ya Novartis zilitia saini makubaliano ya kuitafuta kwa kuzilenga nchi zenye uwezo mdogo. Kwa mara moja, shabaha imechaguliwa kwa kutufikiria.

Lakini watoto wengi wa SS wa huku huzaliwa, huugua na hufa bila mtu kuutaja ugonjwa wao kwa jina. Huandikiwa malaria, au huambiwa wamerogwa. Kipimo cha haraka kinachohitaji tone moja la damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga hutoa jibu kwa dakika chache, na hidroksiurea, dawa ya zamani inayopunguza maumivu na vifo, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kazi hiyo haisubiri mwanasayansi yeyote wa ng'ambo. Na daftari la watoto hao, likianza kuandikwa katika hospitali za uzazi za Goma na Bukavu na kutunzwa na madaktari wetu wenyewe, ndilo litakalokuwa mkononi mwao siku mtafiti atakapofika kuuliza ni wagonjwa wangapi wanaweza kuingia katika jaribio lake, na kwa masharti gani.